Wasiwasi, sonona na umri wa mwanamke: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, ni kweli wasiwasi na sonona hufupisha maisha ya mwanamke?

Tukizungumzia makundi, ndiyo. Ukiwapima wanawake elfu kadhaa leo, ukahifadhi majibu yao, kisha ukarudi baada ya miaka kumi au ishirini kuuliza nani bado yu hai, utakuta waliokuwa na dalili nyingi za sonona wamepungua zaidi kuliko wenzao wa umri uleule. Matokeo ya aina hii yamejirudia katika nchi nyingi mno kuweza kuitwa sadfa. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2015, uliokusanya machapisho 203 kutoka nchi 29, ulionyesha kuwa hatari ya kufa katika kipindi cha ufuatiliaji ilikuwa mara 1.71 kwa wenye sonona na mara 1.43 kwa wenye matatizo ya wasiwasi, ukiwalinganisha na wasio nayo. Hao ni wanaume na wanawake kwa pamoja. Ya wanawake peke yao tutayafikia.

Kwa mtu mmoja mmoja hesabu ni nyingine. Nayo ina swali lake hapo chini, usiliruke.

Sonona ni nini, na inatofautianaje na "mawazo"?

Sonona, au unyogovu kama wengine wanavyoiita, si huzuni ya msiba wala wiki mbaya kazini. Ni pale mtu anapokosa raha au hamu ya mambo karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, huku usingizi umeharibika, chakula hakipandi au kinaliwa kupita kiasi, mwili umechoka bila kazi, na kichwani kuna sauti ya kujilaumu isiyonyamaza. Wasiwasi uliofikia kiwango cha ugonjwa ni hofu inayoendelea kuwaka hata pale kinachoogopwa hakipo, au kipo lakini ni kidogo kuliko hofu yenyewe.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na matatizo ya wasiwasi na milioni 280 walikuwa na sonona. Wanawake ndio wengi zaidi katika yote mawili.

Neno "mawazo" linabeba hali zote hizo kwa mpigo, na hapo ndipo ninapolilaumu. Limekuwa pana kiasi kwamba mtu anaweza kuugua miaka mitano chini ya mwavuli wake bila yeyote kushtuka.

Vifo hivi ni vya kujiua?

Vichache tu. Katika uchambuzi uleule wa 2015, ambao ulihusu magonjwa ya akili kwa ujumla, karibu asilimia 67 ya vifo vilitokana na magonjwa ya kawaida ya mwili na takriban asilimia 18 vilikuwa vya kujiua, ajali na mfano wa hayo. Vilivyobaki havikuwa na sababu iliyobainishwa. Kwa lugha ya mtaani: mtu ana sonona, lakini kinachomuua ni moyo, kiharusi, kisukari, mapafu.

Ndiyo maana uhusiano huu haukuonekana haraka. Cheti cha kifo huandikwa "mshtuko wa moyo", na hakuna anayekumbuka kuandika kwamba marehemu alikuwa akipata usingizi wa saa tatu tu kila usiku kwa miaka minane.

Kuna tafiti zilizowahusu wanawake pekee?

Zipo, na baadhi ni kubwa sana. Unaofahamika zaidi ni ule wa wauguzi wa Marekani ulioanza mwaka 1976 kwa kuandikisha wanawake 121,700. Mwaka 1988 walitumiwa dodoso fupi la hofu lenye maswali manane, linaloitwa Crown-Crisp. Inafaa kulitazama kwa karibu kwa sababu maswali yake ni ya kawaida mno. Unaogopa kuwa kwenye nafasi iliyofungwa, kama lifti? Unahangaika kwamba huenda utapata ugonjwa usiotibika? Unaogopa vimo virefu? Unaingiwa na hofu kwenye umati? Hupendi kutoka peke yako? Unakosa raha ndani ya basi au treni hata kama hazijajaa? Na lile ambalo nadhani kila mama angejibu "ndiyo" kabla halijamaliza kusomwa: unahangaika kupita kiasi jamaa zako wanapochelewa kurudi nyumbani?

Zaidi ya wanawake 72,000 ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo walifuatiliwa kwa miaka 12. Waliopata alama 4 au zaidi walikuwa na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo juu kwa asilimia 31 kuliko waliopata 0 au 1. Kilichowashangaza watafiti ni kwamba mshtuko wa moyo usioua haukuongezeka. Hilo linaelekeza kidole kwenye mdundo wa moyo, yaani umeme wake kuvurugika ghafla, zaidi ya mishipa kuziba taratibu.

Utafiti mwingine wa Marekani ulichukua wanawake 93,676 waliokwisha kukoma hedhi, wa miaka 50 hadi 79. Takriban mmoja kati ya sita alikuwa na dalili za sonona za kutosha kuhesabika. Kati ya wale ambao hawakuwa na historia ya ugonjwa wa moyo, sonona iliambatana na ongezeko la asilimia 32 la vifo vya sababu zote, na kwa vifo vya moyo na mishipa ongezeko lilikuwa la asilimia 50. Hapo ufuatiliaji ulikuwa wa miaka minne na kidogo tu.

Uholanzi walifuatilia wanawake 5,073 wenye afya, wa umri wa miaka 46 hadi 54, kwa miaka kumi. Hao walikuwa katikati ya maisha, wengi bado na watoto nyumbani na kazi mkononi. Wasiwasi uliambatana na ongezeko la asilimia 77 la vifo.

Asilimia 77! Sasa mimi mwenye wasiwasi nitakufa mapema?

Pumua kwanza. Asilimia hiyo ni ya kulinganisha, haikuambii una nafasi ngapi kati ya mia. Ikiwa katika kundi moja wanakufa wanawake 10 kati ya 1,000 kwa muda fulani, ongezeko la asilimia 77 linafanya wawe karibu 18. Wanane waliozidi si jambo dogo. Ila wanawake 982 wenye wasiwasi bado wapo.

Mfano wa kweli unatoka Sweden. Huko walilinganisha wanawake 86,551 waliopata sonona wakati wa ujauzito au baada ya kujifungua na wengine 865,510 ambao hawakuipata. Hatari ya kufa ilikuwa zaidi ya maradufu, na vyombo vya habari vilikipenda sana kichwa hicho. Lakini vifo vyenyewe katika kundi la sonona vilikuwa 0.82 kwa kila wanawake 1,000 kwa mwaka, yaani chini ya kimoja. Namba zote mbili ni za kweli. Anayekupa ya kwanza bila ya pili anakutisha bure, na anayekupa ya pili bila ya kwanza anakuficha jambo.

Na kama wewe ni mtu wa kuhangaikia afya, tahadhari: kusoma takwimu za wasiwasi saa nane usiku ni namna mojawapo ya kuulisha wasiwasi.

Pengine ni ugonjwa wa mwili unaoleta sonona, si sonona inayoleta ugonjwa?

Swali zuri, na watafiti hulihangaikia kweli. Saratani iliyoanza kimyakimya, tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa damu, moyo unaodhoofika: vyote vinaweza kumfanya mtu achoke na akose raha kabla hajajulikana anaumwa nini. Umaskini, kipigo nyumbani na upweke navyo huzaa sonona na huua kwa njia zao. Kwa hiyo wachambuzi huwatoa walioanza wakiwa wagonjwa, hupuuza vifo vya miaka ya mwanzo, huhesabu uvutaji sigara, uzito, kipato. Kila wanapofanya hivyo uhusiano hupungua. Mara nyingi hauishi.

Njia inakwenda pande zote mbili, basi. Mshtuko wa moyo huleta sonona, na sonona humfanya aliyepata mshtuko asipone vizuri. Kumuuliza mgonjwa aliyelala kitandani kipi kilitangulia hakumsaidii sana.

Inaingiaje mwilini?

Kwa milango miwili. Mmoja ni wa mwili wenyewe. Hofu huamsha mfumo wa "kimbia au pigana": adrenalini inamwagika, moyo unadunda, presha inapanda, sukari inaingia kwenye damu. Simba akiondoka, mwili hutulia. Mwenye wasiwasi wa kudumu simba wake haondoki. Kortisoli, homoni ya msongo, hukaa juu saa ambazo ingepaswa kushuka, usingizi unakatika, mafuta hujaa tumboni, na kinga ya mwili hubaki imewashwa kidogokidogo kama jiko lililosahaulika, ikiunguza kuta za mishipa. Chembe sahani za damu huwa nyepesi kugandana. Moyo wenye afya hubadilisha kasi yake kidogo kila unapovuta na kutoa pumzi. Kwa wenye sonona ulegevu huo mzuri hupungua, na moyo usiojua kulegea ndio ulio rahisi kuvurugika mdundo.

Mlango wa pili ni wa maisha ya kila siku, na kwa maoni yangu hausemwi vya kutosha kwa sababu hauna majina ya kisayansi. Mwanamke ana presha, kapewa vidonge vya kumeza kila asubuhi. Asubuhi ya sonona inakuwaje? Anaamka saa kumi usiku, hawezi kulala tena. Kukicha mwili hautaki kunyanyuka. Anawaandaa wengine, anakaa. Kidonge kiko kabatini, hatua tano. Anasema baadaye. Jioni anakumbuka, anaona siku imepita, anaacha. Mwezi ukiisha vidonge kumi na viwili vimebaki kwenye kopo, na kliniki anaona aibu kwenda kwa sababu watamuuliza. Uchambuzi wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wagonjwa wenye sonona huacha kufuata matibabu takriban mara tatu zaidi ya wengine. Ongeza kutotembea, sigara, pombe, uchunguzi wa saratani ulioahirishwa mara mbili, na rafiki ambaye simu zake hazipokelewi tena. Hakuna kimoja kinachoua peke yake.

Kipi kibaya zaidi, wasiwasi au sonona?

Kwa vifo, sonona. Wasiwasi una sura mbili. Utafiti wa Norway uliohusisha watu zaidi ya 61,000 ulikuta kwamba sonona ilipandisha vifo, lakini waliokuwa na sonona pamoja na wasiwasi walikufa kidogo kuliko wenye sonona tupu. Huenda wasiwasi kidogo humpeleka mtu hospitali mapema. Sonona humbakiza kitandani. Hofu ikizidi faida hiyo hupotea.

Mbaya kuliko vyote ni sonona ikikutana na kiwewe, yaani alama inayobaki baada ya tukio la kutisha. Katika kundi la pili la wauguzi wa Marekani, lililoanza 1989, wenye dalili nyingi za vyote viwili walikufa karibu mara nne ya wasio navyo.

Moyo unaenda mbio, kifua kinabana, nafika hospitali naambiwa "ni mawazo tu". Nifanyeje?

Hilo "tu" ndilo neno lililonifanya niandike ukurasa huu.

Shambulio la hofu ni kitu halisi: moyo kupiga kwa nguvu, jasho, kutetemeka, vidole kufa ganzi, hisia kwamba unakufa, vyote vikifika kilele ndani ya dakika chache. Kwa kawaida lenyewe haliui. Lakini miongoni mwa wanawake 3,369 waliokoma hedhi na kufuatiliwa kwa miaka mitano na zaidi kidogo, waliokuwa wamepata mashambulio kamili ya hofu katika miezi sita kabla ya utafiti walikuwa na vifo vilivyo juu kwa asilimia 75. Baadhi yao pengine walikuwa na moyo mgonjwa uliojificha ndani ya hofu. Wanawake wenye mshtuko wa moyo huumwa kifua kama wanaume, ila mara nyingi zaidi huongeza kukosa pumzi, kichefuchefu, maumivu ya taya au mgongo, na uchovu usio wa kawaida. Ukisikiliza haraka, unasikia "mawazo".

Kwa hiyo mara ya kwanza, na hasa kama umevuka miaka 40 au una presha, kisukari, sigara au ndugu aliyekufa kwa moyo, omba kupimwa umeme wa moyo, presha, sukari, damu na tezi kabla ya kukubali jibu lolote. Sema lini lilianza, ulikuwa ukifanya nini, lilidumu dakika ngapi, na kama huja unapopanda ngazi. Maumivu yanayokuja kwa kazi na kuondoka kwa kupumzika yanahitaji daktari wa moyo. Maumivu ya kifua yasiyoisha, au yenye kuzirai, ni ya dharura, uwe na historia ya wasiwasi au usiwe nayo.

Vipimo vikiwa safi, bado kazi haijaisha. "Moyo wako mzima" ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kutibu hofu. Ukirudishwa nyumbani bila hiyo nusu ya pili, uliza: "Sawa, na hii hofu inatibiwa wapi?"

Mtu anaweza kufa kwa uchungu wa kufiwa?

Ipo hali inayoitwa takotsubo, iliyoelezwa kwanza Japani mwaka 1990 na kupewa jina la chungu cha kunasia pweza, kwa jinsi chumba cha moyo kinavyotuna ghafla mfano wa chungu hicho. Huja baada ya mshtuko mkubwa wa kihisia au wa kimwili, na karibu wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, wengi waliokoma hedhi. Wengi hupona ndani ya wiki kadhaa. Wachache hufa.

Na sonona ya uzazi?

Kwa dunia nzima, karibu asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya waliojifungua karibuni hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika utafiti wa Sweden nilioutaja, hatari ya kifo ilikuwa kubwa zaidi mwezi wa kwanza baada ya kugundulika, na hapa kujiua ndiko kulikoongezeka kupita sababu zote: mara sita na zaidi. Mama aliyejifungua ambaye halali hata mtoto akilala, anayesema mtoto angekuwa salama zaidi bila yeye, haambiwi "utazoea". Anapelekwa kuonwa leo.

Nina mawazo ya kutaka kufa. Nianzie wapi?

Mwambie mtu mmoja sasa hivi, kwa maneno hayohayo, na usikae peke yako. Vidonge na chochote unachofikiria kukitumia kiondolewe karibu nawe. Kisha nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, au piga simu ya msaada ya nchi yako kama ipo. Ukiwa wewe ndiye unayeambiwa, uliza wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo.

Nimesikia dawa za sonona zenyewe huua kwa moyo. Kweli?

Uvumi huu una mzizi. Mwaka 2009 takwimu za wauguzi zilionyesha kwamba waliotumia dawa hizo walipata vifo vya ghafla vya moyo zaidi. Tatizo ni kwamba dawa hupewa walio wagonjwa zaidi, kwa hiyo kuitenga dawa na ugonjwa ni kazi ngumu. Majaribio yanatuliza: sertralini, mojawapo ya dawa hizo, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa moyo na matokeo yakachapishwa 2002, ikaonekana salama. Zipo zinazohitaji uangalifu, kama dawa za zamani za kundi la amitriptilini kwa wenye ugonjwa wa moyo, na sitalopramu, ambayo mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya isizidi miligramu 40 kwa siku kwa sababu ya mdundo wa moyo. Mwambie daktari dawa zote unazomeza. Usiache ghafla kwa sababu ya ulichosoma hapa au kwingine.

Uhusiano huu umekuwapo siku zote kwa wanawake?

Hapana, na hili linanivutia kuliko yote. Katika eneo moja la Kanada ambalo watafiti waliliita Stirling, watu wazima 3,410 walifuatiliwa tangu 1952 hadi 2011. Kwa wanaume, sonona iliambatana na vifo miongo yote. Kwa wanawake ilianza kuonekana miaka ya 1990. Watafiti walitaja mabadiliko ya maisha: mwanamke kubeba ajira na nyumba kwa wakati mmoja. Waliona pia kwamba hatari ilikuwa kali zaidi miaka inayofuata sonona yenyewe, kisha hupoa kama haikurudi. Kwa hiyo aliyewahi kuugua akapona hana haja ya kuhesabu miaka.

Nitajuaje kama nimefikia kiwango cha kutibiwa?

Kliniki nyingi hutumia dodoso la maswali tisa, PHQ-9, linalouliza wiki mbili zilizopita zilivyokuwa. Alama ni 0 hadi 27, na 10 kwenda juu huhitaji kuonwa kwa kina. La wasiwasi ni GAD-7. Jaza kwa ukweli, usijaze kama unavyojibu "hujambo".

Kutibiwa kunarefusha maisha, au kunanituliza tu?

Majibu hayajalingana. Jaribio kubwa la Marekani la 2003, lenye wagonjwa 2,481 waliotoka kupata mshtuko wa moyo, lilipunguza sonona kwa tiba ya mazungumzo lakini vifo havikupungua. Korea Kusini, mwaka 2018, wenye sonona waliopewa dawa yake iitwayo esitalopramu baada ya tatizo la ghafla la moyo walipata matukio makubwa ya moyo machache kuliko waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Mimi ningetibiwa hata kama miaka isingeongezeka hata mmoja. Hakuna anayetibu jino ili aishi zaidi.

Mama yangu ana miaka zaidi ya 70 na anasema amechelewa. Nimwambie nini?

Mwambie kuhusu vituo 20 vya afya vya Marekani ambako wazee wenye sonona, wa miaka 60 kwenda juu, walifuatwa kwa namna mbili. Nusu ya vituo viliendelea kama kawaida. Nusu nyingine viliwekewa mtu maalumu wa kuwafuatilia: kupiga simu, kuuliza dawa zimeisha lini, kumkumbusha daktari. Mpango huo ulidumu miaka miwili. Walipohesabiwa baada ya miaka minane hivi, waliokuwa na sonona kali katika vituo vyenye mfuatiliaji walikuwa wamekufa kwa kiwango kilicho chini kwa asilimia 24. Kisha muulize kliniki yake ni siku gani, mwende wote.